Che Guevara: miaka 37 ya pumu bila dawa ya kinga

Picha ya Che Guevara, ile ya kofia yenye nyota, tunaiona kwenye fulana za mitumba, kwenye kuta za vinyozi na nyuma ya bajaji. Wapo wanaomwita shujaa, na wapo wanaomlaumu kwa watu waliopigwa risasi kwa amri yake. Mjadala huo tunawaachia wengine. Wiki hii tunamfuata kama mgonjwa, kwa sababu kijana yule wa pichani alikuwa na pumu tangu akiwa na umri wa miaka miwili hadi alipouawa akiwa na miaka 39.

Maisha yake yana somo kwa kila mwenye pumu na kila mzazi wa mtoto mwenye pumu. Che alikuwa daktari, na aliyafahamu maradhi yake vizuri. Dawa za kutuliza kifua kinapobana alizitumia maisha yake yote. Dawa ya kuvuta kila siku, ile inayozuia kifua kisibane, hakuwahi kuipata kwa sababu ilikuwa bado haijaingia sokoni. Leo dawa hiyo ipo, na wengi wetu tunaiacha kabatini.

Usiku baada ya kuogelea

Ernesto Guevara alizaliwa mwaka 1928 mjini Rosario, Argentina, mtoto wa kwanza wa Ernesto Guevara Lynch na Celia de la Serna. Mapema Mei 1930 mama yake alikwenda naye kuogelea karibu na Buenos Aires. Mei kule ni wakati baridi inapoanza. Usiku ule mtoto alianza kukohoa, na kikohozi hakikuisha. Madaktari walipomchunguza wakasema ana pumu.

Baba alimlaumu mama kwa kumpeleka mtoto kwenye maji ya baridi, na lawama hiyo ilikaa ndani ya nyumba kwa miaka mingi. Familia nyingi za kwetu zinaijua hali hii. Mmoja anasema ni aiskrimu, mwingine anasema ni kulala sakafuni, bibi anasema mtoto alinyeshewa. Ukweli ni kwamba baridi haimpi mtu pumu. Mwenye pumu ana mirija ya hewa iliyovimba kwa ndani na yenye wepesi wa kukasirika. Baridi, vumbi, moshi, mafua au manyoya ya paka huichokoza tu. Wazazi hawana sababu ya kuhukumiana. Muda huo utumike kumpeleka mtoto kliniki.

Guevara mdogo alibanwa mara kwa mara usiku. Baba yake alikuwa akiketi kitandani na kumlaza mtoto kifuani mwake, kwa sababu akiwa wima alipumua vizuri zaidi. Mwishowe familia ilihamia Alta Gracia, mji mdogo wenye hewa kavu katika vilima vya mkoa wa Córdoba. Alipata nafuu, lakini hakupona. Siku nyingi hakuweza kwenda shule, na mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika nyumbani. Mapenzi yake ya vitabu yalianzia hapo, kwenye siku za kulala kitandani.

Kuhama ni ushauri ambao wagonjwa bado wanapewa: mpeleke mtoto bara, mtoe pwani, mrudishe kijijini. Mahali papya panaweza kupunguza vichokozi fulani na kuleta vingine. Mirija iliyovimba mtu anahama nayo.

Kijana wa raga

Alipokua, Guevara alikataa kukaa pembeni. Aliogelea, alipanda milima, na alicheza raga, mchezo wa kukimbia na kuangushana. Rafiki mmoja alikaa nje ya mstari akiwa na kifaa chake cha dawa, na kifua kilipobana alitoka uwanjani, akavuta, akarudi. Jeshi la Argentina lilipompima, lilimkataa kwa sababu ya pumu.

Kifaa cha siku zile kilikuwa chupa ndogo yenye kipira cha kubinya, kilichorusha dawa kwa ukungu. Dawa yenyewe mara nyingi ilikuwa adrenalini, na ilipozidi walichoma sindano. Ili kuelewa maisha yake yote, ni muhimu kujua dawa hiyo inafanya nini na haifanyi nini.

Ndani ya kifua chenye pumu kuna matatizo mawili. La kwanza ni misuli inayozunguka mirija ya hewa kukaza ghafla, na hapo ndipo mtu anapobanwa na kifua kulia kama filimbi. La pili ni uvimbe wa ngozi laini ya ndani ya mirija, pamoja na makohozi mazito. Uvimbe huo upo hata siku ambayo mgonjwa anajisikia mzima. Adrenalini hulegeza misuli ndani ya dakika chache. Uvimbe hauutibu. Dawa inapoisha nguvu, mirija inabaki na uvimbe uleule, ikisubiri vumbi au mafua yanayofuata.

Salbutamoli, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kwa pampu yake ya bluu, ni salama zaidi kuliko adrenalini ya Guevara, lakini kazi yake ni ileile. Inafungua mlango uliofungwa. Haizuii mlango kufungwa tena.

Daktari wa mzio aliyebanwa mwenyewe

Mwaka 1947 bibi yake aliyempenda sana alifariki, na muda mfupi baadaye Guevara alijiunga na masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Alifanya kazi katika kliniki ya Dk Salvador Pisani, mtaalamu wa mzio, ambako alikuwa mgonjwa na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Mwaka 1952 yeye na rafiki yake Alberto Granado walizunguka Amerika ya Kusini, kwanza kwa pikipiki, kisha kwa miguu na kwa kudandia malori, hadi kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma ya San Pablo nchini Peru. Njiani pumu haikumwacha, na sindano za adrenalini zilikuwa sehemu ya mizigo yao.

Alihitimu mwaka 1953. Baada ya kupita Guatemala alifika Mexico, akafanya kazi ya mzio katika Hospitali Kuu ya jiji la Mexico. Huko ndiko alikokutana na Fidel Castro mwaka 1955, na mwishoni mwa 1956 akapanda chombo Granma pamoja na wenzake. Walikuwa watu 82 katika chombo kidogo, wakielekea Cuba. Alikwenda kama daktari wa kikosi, na pumu ilimpanda wakiwa baharini.

Siku moja iliyogeuka kumi

Mapema mwaka 1957, katika milima ya Sierra Maestra, dawa zake zilimwishia. Alibanwa hadi akashindwa kutembea na wenzake, wakalazimika kumwacha nyuma na mtu mmoja wa kumsindikiza. Mkulima mmoja, ingawa aliogopa, alikwenda mjini Manzanillo kumtafutia adrenalini. Guevara alijikokota kutoka mti hadi mti akiegemea kitako cha bunduki. Mwendo wa siku moja ulimchukua siku kumi.

Dawa ilipokosekana milimani alivuta moshi wa maua makavu ya mmea uitwao clarín, tiba ya wenyeji wa kule. Kisha akazoea sigara kubwa za Cuba. Mmea wa aina ile una kemikali zinazoweza kulegeza mirija kidogo, lakini pia unaweza kumpa mtu sumu, na moshi wowote huzidisha uvimbe. Kwetu moshi unatoka kwenye kuni, mkaa, udi, dawa za mbu za kuchoma na sigara za wageni sebuleni. Mwenye pumu asifukizwe kwa majani yoyote, hata kama jirani anaapa kwamba yalimponya mwanawe. Sumu ya moshi haibadiliki kwa sababu umechomwa kwa nia njema.

Watu wa Kigoma walimjua kwa jina jingine

Baada ya ushindi wa Januari 1959, Guevara alikuwa rais wa Benki ya Taifa ya Cuba na baadaye waziri wa viwanda. Katika miaka hiyo aliwahi kutibiwa pumu kwa kotisoni, dawa ya jamii ya steroidi, na uso wake ukavimba. Kuvimba uso ni athari inayojulikana ya steroidi inayomezwa au kuchomwa sindano kwa muda mrefu, kwa sababu dawa hiyo husambaa mwili mzima. Kumbuka hapo, tutaparudia.

Aprili 1965 alipita Dar es Salaam kwa siri, akasafiri hadi Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo. Kwa kujificha, yeye na wenzake walijipa majina ya namba za Kiswahili. Kiongozi wa kikosi alijiita Moja, mwingine Mbili, na yeye akawa Tatu. Wenyeji walimjua kama daktari Tatu, kwa kuwa alitibu watu. Huko nako pumu na maradhi ya tumbo vilimdhoofisha. Novemba mwaka huo walirudi Kigoma wakiwa wameshindwa, na alikaa miezi kadhaa Dar es Salaam akiandika habari za safari ile.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960, mbali na vita, lilikuwa likitokea jambo lililowatisha madaktari. Nchini Uingereza, Australia na New Zealand vifo vya pumu viliongezeka ghafla, hasa kwa watoto na vijana. Pampu za kisasa za mkononi zilikuwa zimeanza kuuzwa mwaka 1956, na baadaye zikaja zenye isoprenalini kali, dawa ya kutuliza iliyo ndugu wa adrenalini. Wagonjwa walizipenda, kwa sababu pafu moja lilifungua kifua. Kilipobana tena walivuta tena, na tena. Uvimbe uliendelea ndani, moyo ulipigishwa mbio, na wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Onyo lilipotolewa na pampu hizo kudhibitiwa, vifo vilipungua.

Somo hilo bado lina nguvu. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa pampu ya kutuliza peke yake. Anayemaliza pampu tatu au zaidi za kutuliza kwa mwaka, zenye pafu 200 kila moja, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Anayemaliza 12, yaani moja kila mwezi, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Mtu huyo mara nyingi anajiona ana nidhamu, kwa kuwa pampu haikosekani mfukoni.

Dawa zilipokwisha Bolivia

Novemba 1966 Guevara aliingia Bolivia kuanzisha vita vya msituni. Dawa zake za pumu zilifichwa pamoja na vifaa vingine katika mapango karibu na kambi ya Ñancahuazú. Jeshi lilipowasukuma mbali na kambi, alibaki na akiba ndogo aliyobeba.

Julai 6, 1967 watu wake waliingia mji mdogo wa Samaipata. Moja ya sababu kubwa ilikuwa kutafuta dawa. Walikwenda duka la dawa, lakini alizozihitaji hawakuzipata, na uvamizi ule ukatangaza mahali walipo. Mwishoni mwa mwezi huo walipoteza mabegi 11 katika mapigano, yakiwemo yenye dawa. Mwanzoni mwa Agosti alijichoma sindano yake ya mwisho ya pumu, akabaki na vidonge vya siku kama kumi. Alifikia kujichoma adrenalini iliyotengenezwa kwa ajili ya matone ya macho.

Mgonjwa aliyebanwa kwa wiki nyingi bila kulala huwa si yule mnayemjua. Siku moja ya Agosti, Guevara alimchoma kisu farasi aliyempanda, kisha akawaeleza wenzake kwamba ameshindwa kujimudu. Alituma watu kurudi pangoni kuchukua dawa. Kabla hawajafika, Agosti 14, redio ilitangaza kwamba jeshi limeyagundua maficho. Matumaini ya kupata dawa yaliishia hapo.

Pumu haikumuua Guevara. Alikamatwa Oktoba 8 na kupigwa risasi siku iliyofuata katika kijiji cha La Higuera. Lakini kwa miezi ya mwisho kifua chake kilichagua wapi aende, lini apumzike na mji upi auvamie.

Miaka mitano baadaye

Mwaka 1972 nchini Uingereza ilianza kutumika pampu ya beklometasoni. Hii ni steroidi kama kotisoni ile iliyomvimbisha Guevara uso, lakini inavutwa moja kwa moja hadi kwenye mirija kwa kipimo kidogo cha mikrogramu. Inatuliza uvimbe mahali ulipo, na kiasi kinachosambaa mwilini ni kidogo. Baadaye zikaja budesonidi na flutikasoni. Hizi ndizo dawa za kinga, nazo zimepunguza sana kulazwa na vifo.

Tatizo lake ni moja: ukivuta husikii kitu. Kifua hakifunguki papo hapo. Nafuu huanza baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili, na huendelea kuongezeka kwa miezi. Kwa hiyo mgonjwa huivuta siku tatu, anaona haifanyi kazi, anaiacha. Au huivuta mwezi mzima, anajisikia mzima, anaona hana haja nayo tena. Yote mawili yanamrudisha kwenye maisha ya Guevara, ya kusubiri kifua kibane ndipo atafute dawa.

Namna ya kuivuta

Kwanza ijue pampu yako. Mara nyingi ya kutuliza ni ya bluu na ya kinga ni ya kahawia, lakini rangi hutofautiana kwa kampuni. Zipo pia pampu zenye dawa mbili ndani, kama budesonidi na formoteroli, ambazo daktari anaweza kukuandikia kwa kinga na kutuliza pia. Muulize mfamasia: hii ni ya kila siku, ya kubanwa, au ya yote mawili? Kisha andika jibu kwenye boksi kwa kalamu.

Ipo pia dawa ya kulegeza mirija kwa saa 12 au zaidi. Kwa mwenye pumu, dawa hiyo isitumiwe peke yake bila steroidi, kwani imehusishwa na vifo. Wenye ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na sigara au moshi wa miaka mingi wana utaratibu wao tofauti, hivyo usimwazime jirani pampu wala usiazime yake.

Pampu ya kubonyeza itikise vizuri. Ikiwa mpya au imekaa siku nyingi, rushia hewani mara chache kama karatasi yake inavyoelekeza. Toa pumzi yote taratibu. Bana mdomo wa pampu kwa midomo, anza kuvuta hewa polepole, bonyeza mara moja, endelea kuvuta hadi kifua kijae. Zuia pumzi kwa sekunde 10 au kadiri unavyoweza. Kama umeandikiwa pafu mbili, subiri nusu dakika, tikisa, rudia. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kubonyeza mara mbili mfululizo ndani ya pumzi moja. Pampu za unga ni tofauti: hazitikiswi, na huvutwa kwa nguvu na haraka.

Mtoto, na hata mtu mzima, anafaidika sana na spesa, kile chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya pampu na mdomo. Bila spesa dawa nyingi hugota kooni. Bonyeza pafu moja tu, mwache mtoto apumue mara tano au sita ndani ya chombo, kisha pafu lingine. Kama spesa ya dukani ni ghali, utafiti wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni tundu linalobana mdomo wa pampu, inaweza kufanya kazi hiyo kwa watoto. Mwombe muuguzi akuonyeshe kuitengeneza. Spesa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa.

Baada ya kuvuta dawa ya kinga, sukutua mdomo kwa maji na uteme. Usipofanya hivyo unaweza kupata fangasi wa mdomoni au sauti kukauka. Mtoto mdogo asiyeweza kusukutua apewe maji anywe, na aliyevuta kwa kinyago afutwe uso. Kuivuta kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na jioni, ni njia rahisi ya kukumbuka yote mawili.

Hesabu pafu zako. Pampu ya pafu 200, kwa mtu anayevuta mbili asubuhi na mbili jioni, inaisha siku ya 50. Andika tarehe ya kuanza kwenye pampu na utafute nyingine kabla ya siku hiyo. Kuitikisa au kuielea majini hakukuambii kitu cha uhakika, kwa sababu gesi hubaki ikitoka hata dawa inapokuwa imekwisha.

Hofu za wazazi

Wazazi wengi wanauliza kama dawa hii inamzoesha mtoto. Haina uraibu. Kifua kinachorudi kubana baada ya kuiacha kinaonyesha kwamba pumu ilikuwa bado ipo, imetulizwa tu. Wengine wanaogopa kudumaa. Tafiti zimeonyesha watoto wanaotumia steroidi ya kuvuta wanaweza kupungukiwa urefu kwa takriban sentimita moja, hasa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo daktari hutumia kipimo kidogo kinachotosha na humpima mtoto urefu kila anapokuja. Pumu isiyodhibitiwa nayo hupunguza ukuaji, na huiba usingizi na siku za shule.

Mama mjamzito asiache dawa ya kinga kwa kujiamulia, kwa kuwa kubanwa kwake kunamkosesha mtoto tumboni hewa safi. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye ritonavir amwambie daktari wa pumu, kwani ritonavir inaweza kufanya baadhi ya steroidi za kuvuta zilimbikizane mwilini. Na mtu yeyote aliyekaa vizuri kwa miezi mitatu anaweza kuomba kupunguziwa kipimo, lakini kipunguzwe na daktari, hatua kwa hatua.

Nenda hospitali mara moja ukiona mgonjwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu za mtoto zinaingia ndani akipumua, midomo inakuwa ya bluu, amekuwa mzito wa usingizi, au pampu ya kutuliza haimsaidii au nafuu yake haifiki saa nne. Endelea kumpa dawa ya kutuliza njiani kama mlivyoelekezwa. Na usidanganyike na kifua kilichoacha kulia ghafla huku mgonjwa akizidi kuchoka. Huenda hewa haipiti tena.

Kabla ya wiki hii kuisha, toa pampu zote zilizomo nyumbani na uziweke mezani. Tazama ipi ni ya kinga, ilianza kutumika lini, na imebaki pafu ngapi. Kama mwenye pumu anahitaji ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamka usiku akikohoa, na mezani hakuna ya kinga, hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda kliniki. Nenda na pampu hizo, na mwombe mhudumu akutazame unavyovuta.